Dereva Haambiwi Njiani

Wilfred alikufa Jumanne, na Jumapili iliyofuata baba yake alikula wali kwa kuku, akaramba vidole, akaomba aongezewe paja. Flaviana ndiye aliyempakulia. Mchuzi akaumwagia kitambaa cha meza, na mzee akamtania kwamba nesi gani huyu, wagonjwa anawachomaje sindano. Flaviana akacheka. Ndiyo, alicheka, kaka yake wa pekee akiwa kwenye jokofu la hospitali moja kule Dallas, na kicheko chenyewe kilitoka vizuri tu kama cha siku zote. Binadamu ana mambo.

Lakini tusimhukumu haraka. Kwetu msiba hauambiwi kwa simu, wala haupitishwi mezani kama chumvi. Hata Houston, ambako kila mtu ana funguo za gari mkononi na hana muda wa kumsalimia jirani, jambo hilo watu wetu hawajaliacha. Ukifiwa, wenzako wanajua kabla yako. Wanapigiana simu, wanakutana kwenye maegesho ya duka fulani pale Alief, wanapangana nani atangulie na nani aseme, halafu wanakuja kwako wote kwa pamoja. Ukifungua mlango ukaziona sura zile saa ambayo si ya wageni, hakuna haja ya neno. Unaanguka, na mikono ya kukudaka ipo. Ndiyo maana wanakuja wengi, ili mtu akianguka asifike chini.

Sasa Aprili ile ya mwaka 2020 nani angekuja? Watu wamefungiwa majumbani, kanisa limefungwa, hata kupeana mkono imekuwa kesi. Mzee Ambilikile umri umeshakwenda, na kifua chake kilikula moshi wa reli tangu ujana. Flaviana mwenyewe alikuwa akitoka hospitali anavua nguo za kazi gereji, anaoga, ndipo anamwamkia baba yake, tena akiwa amesimama mlangoni. Kumjazia watu sebuleni ingekuwa kumzika baba pamoja na mwana.

Kidawa, mwenyekiti wa kina mama wa Kitanzania pale mjini, alimshauri wamwambie kwa Zoom. Wazee wachache wakae kwenye vioo vyao, mmoja aseme, mwingine aombe dua, basi. Flaviana alikataa katakata. Akasema baba yake hataambiwa habari ya kufa kwa mwanawe na kioo, kana kwamba ni utabiri wa hali ya hewa. Watasubiri. Amri ya kukaa ndani ikilegezwa watakuja watu, ataambiwa kama anavyoambiwa mtu. Kidawa akamuuliza, na akijua mwenyewe je?

"Baba ni mtu wa reli," Flaviana akamjibu. "Analijua hilo kuliko sisi. Dereva haambiwi njiani."

Maneno hayo hakuyatunga. Aliyanyonya pamoja na maziwa.

Huyu mzee mnayemwona amevaa soksi za sufu na kofia ya timu ya Texas Rangers aliyonunuliwa na mwanawe, alikuwa mmoja wa Waafrika wachache wa kwanza kukabidhiwa kichwa cha treni ya mvuke pale Tabora. Aliingia shedini, karakana ya vichwa vya treni, kijana wa kufuta masizi. Akapanda akawa fayamani, yaani mchochea moto, chini ya dereva mzungu ambaye hakuwahi kulitaja jina lake, akimtaka alimpigia mluzi. Mluzi ule aliuvumilia huku jicho lake liko kwenye mikono ya yule mtu, inavuta nini na lini. Siku alipokabidhiwa kichwa kiwe chake, mkewe Melania alivaa gauni la kanisani, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kusimama pale barabara inapokatiza reli ili amwone mumewe akipita. Mume akapita. Akapiga filimbi ndefu, watu wa sokoni wakageuka, mtoto akaangua kilio kwa woga, na Melania akasimama pale anacheka na kulia.

Mtoto yule ndiye Vicent, kifungua mimba wao. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila dereva alikuwa na mkono wake kwenye filimbi, na wake zao kwenye kota za reli waliwajua waume zao kwa sauti. Melania akisikia ya kwake anabandika maji ya ugali, anambeba mtoto, anakimbilia kwenye njia panda kupunga mkono.

Kisha Vicent akapata degedege, na baba yake yuko njiani analeta treni kutoka Kigoma. Mchana huohuo mtoto akafa. Shedini kulikuwa na sheria, si ya vitabuni bali ya wanaume wenyewe, kwamba dereva aliye na treni haambiwi msiba. Ana moto mbele na roho za watu nyuma. Mkono ukimlegea, watakufa na wengine. Aachwe alete treni, akabidhi kichwa, avue kofia, ndipo aambiwe. Ambilikile akaachwa. Akaleta treni kwa wakati, akakabidhi, akaambiwa. Wakubwa wa reli wakaja nyumbani kumshika mkono.

Wilfred alizaliwa miaka baadaye, na hadithi hiyo aliipenda kuliko zote. Kule DeSoto, kando ya Dallas, alikokuwa akiishi, hakukuwa na sherehe ya Watanzania ambako Wilfred hakuisimulia, bia mkononi, akiigiza na sauti ya mvuke. Alikuwa dereva wa malori makubwa, na alipenda kusema baba alishika reli, mimi nimeshika barabara, ukoo wetu hautaki kukaa. Akimalizia kisa cha Vicent alikuwa akipiga kifua: huyo ndiye baba yangu, dunia inaanguka yeye analeta treni. Watu wanapiga makofi. Mzee kama yupo, anaangalia pembeni. Wote walidhani ni unyenyekevu.

Mama yao alipofariki, mwaka ule wa mafuriko ya 2017, walimleta mzee Houston akae kwa Flaviana. Wilfred akawa anampigia kila Jumapili kutoka kwenye lori. Hawakuwa watu wa maneno mengi hao wawili. Mzee hakuuliza hujambo wala watoto hawajambo. Alikuwa akiuliza, "Umefika?" Wilfred anajibu, "Nimefika, baba," hata kama yuko katikati ya jangwa la Arizona na safari haijafika nusu. Basi, mzee anarudisha simu ameridhika.

Jumapili ya wali kwa kuku simu ya Wilfred haikulia. Truphosa, mke wa Wilfred, mama wa Kikenya mwenye moyo wa chuma, ndiye aliyepiga. Walikuwa wamepatana yeye na Flaviana. Akasema Wilfred yuko safari ya mbali, network huko ni mbovu, lakini anawasalimu. Aliyasema yote hayo akiwa bado hajui mumewe atazikwa siku gani. Mzee akamwambia sawa mama, akifika anipigie. Truphosa akasema atamwambia, kisha akakata simu upesi.

Njia ya mwongo fupi, wanasema. Ya Flaviana ilikuwa inarefuka tu, na hilo ndilo lililomtisha. Jumapili ya pili lori lilikuwa limeharibika. Ya tatu Wilfred amepoteza sauti kwa mafua, daktari kamkataza kuongea. Kila uongo ulitaka mwenzake wa kuushikilia usidondoke, na watu wote wa karibu wakaingizwa humo kama mashahidi. Siku ya mazishi kule DeSoto waliruhusiwa watu kumi tu makaburini. Flaviana alikuwa amekaa siku hizo zote na wagonjwa wa corona, akaogopa kubeba ugonjwa kwenda au kurudi nao. Alimzika kaka yake kwenye simu, ndani ya gari lake, ghorofa ya juu kabisa ya maegesho ya hospitali. Picha ilikuwa inakwamakwama. Jeneza liliposhuka, ilikwama, na ilipokuja kutembea tena palikuwa na udongo. Akajifuta uso kwa barakoa, akarudi kazini. Alipofika nyumbani jioni, baba yake alimwambia anaonekana amechoka, apunguze kazi.

Mtu mwingine aliyebebeshwa mzigo huo ni Anastasie. Huyu ni mama wa Kikongo kutoka mtaa wa Gulfton, mtu mzima, mjane, ambaye Flaviana alimpa kazi ya kukaa na mzee. Amri ya kufungiwa ilipokuja alihamia kabisa pale nyumbani. Yeye na mzee walikuwa na ubao wao wa drafti, kete ni vizibo vya soda, na ulikuwa ubao wa vita. Anastasie alikuwa mwizi wa kete, mwizi mkubwa, anaiba huku anaimba wimbo wa kwaya. Mzee akimkamata analalamika kwamba hawa watu wa ng'ambo ya ziwa hawana haya, naye anamjibu kwamba reli imemharibu macho. Nyumba nzima ilikuwa inasikia.

Tangu Jumanne ile ubao ukawa kimya. Anastasie alicheza akimaliza kazi, alicheza kwa adabu, na kila siku alishindwa.

"Dada, uyu mzee anajua," alimwambia Flaviana jikoni, sauti ya chini. "Mie nabeba uongo ya watu, inanilemea vraiment, kweli. Kila siku ananiangalia tu."

Flaviana akamwomba avumilie kidogo. Mwisho wa mwezi mambo yanalegezwa, watu watakuja.

Kidawa naye alikuja mara kadhaa na vyakula. Pilau, sambusa, mchuzi wa samaki wa nazi, vyote anaviweka kizingitini, anarudi nyuma hadi kwenye majani, anasimama pale na barakoa yake. Mzee anatolewa kiti mlangoni wasalimiane. Kabla ya hapo wawili hao walikuwa na utani wa babu na mjukuu. Kidawa anamwita mume wangu, anamuuliza mahari lini, anatishia kwenda kuolewa na kijana mwenye meno. Mzee anamwita mke mdogo, anamwambia asubiri pensheni. Sasa Kidawa alisimama kwenye majani, mikono ameikunja tumboni, akasema shikamoo babu, unaendeleaje babu. Mzee akajibu marahaba. Akamwangalia mpaka gari lake lilipopinda kona.

Ilikuwa Jumapili, mwezi unaelekea kwisha. Flaviana alikuwa nyumbani, anakunja nguo kwenye kochi. Anastasie alitoka kufungwa drafti kwa mara nyingine, akaenda jikoni. Mzee akaanza kukusanya vizibo, kimoja kimoja, anavirudisha kwenye mkebe wake. Kisha akafunga mkebe.

"Anastasie ameacha kuniibia," akasema.

Flaviana akasema labda ameokoka. Mzee hakucheka.

"Na Kidawa ananiita babu." Akauweka mkebe pembeni. "Wilfred alikufa lini, mama?"

Shati lililokuwa mkononi mwa Flaviana lilikuwa la mzee mwenyewe. Akaendelea kulikunja, mikono haikujua kitu kingine cha kufanya, akalikunja hadi likawa dogo kama kitabu. Alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo kwa namna nyingi. Aliwaza wazee watakavyoingia, atakavyokaa karibu na baba yake amshike bega, dawa ya presha mfukoni. Hakuwahi kuwaza kwamba ataulizwa. Akasema, Jumanne, baba. Jumanne ya mwisho wa mwezi wa tatu. Corona. Akasema ameshazikwa.

Mzee akatikisa kichwa kidogo. Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu.

Flaviana akaanza kueleza, na akianza kueleza huwa hajui kusimama. Alieleza amri ya kukaa ndani, alieleza kifua chake, alieleza kwamba Kidawa alitaka Zoom yeye akakataa, kwamba ilikuwa ni kusubiri watu tu, aambiwe kwa heshima. Na alipoona bado hajaeleweka, akaitoa ile aliyoiweka akiba, aliyokuwa akijifariji nayo kila asubuhi akiwasha gari.

"Wewe mwenyewe baba, siku ya Vicent. Dereva haambiwi njiani. Nikasema ufike kwanza."

Mzee akainua uso. Akauliza nani amempa hiyo hadithi. Flaviana akasema si ile ya siku zote, ya Wilfred.

"Wilfred alikuwepo?"

Hakuwepo, alikuwa hajazaliwa.

"Basi nikusimulie mimi niliyekuwepo," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Flaviana apate akili, baba yake akakisema kisa kile kwa kinywa chake.

Alisema taratibu, macho kwenye mkebe wa vizibo. Simu ya reli ilikuwa imetangulia. Alipoingia Uvinza, stesheni masta alikuwa ameshaambiwa, na wapagazi wameshaambiwa, na mama wauza ndizi pia. Walisimama wamenyooka, wengine wamevua kofia. Yeye akapiga filimbi, akawapungia. Nguruka hivyohivyo. Fayamani wake alishuka kuangalia magurudumu, akarudi macho mekundu, na mzee akamcheka kwamba kijana mzima unashindwa na moshi. Wakaenda. Kijana anachochea moto na kulia, yeye anaimba.

Kaliua kulikuwa na stesheni masta asiyesemezana naye, mtu mwenye dharau, aliyekuwa akisema hadharani kwamba kumpa Mwafrika kichwa cha mvuke ni kumpa nyani kisu. Mwafrika mwenzake, bila haya. Siku hiyo yule mtu alitoka ofisini na kiti chake mwenyewe. Akakiweka kwenye kivuli. Akamletea Ambilikile maziwa kwenye kikombe cha kaure, injini ikijazwa maji, akamwita bwana dereva.

"Nilidhani wameanza kuniheshimu," mzee akasema. "Nilikaa kwenye kile kiti nikasema moyoni, Ambilikile, umefika. Sasa wewe ni mtu."

Jikoni maji yalikuwa yamefungwa, Anastasie hasikiki.

Urambo alitaka kumnunulia Vicent chupa ya asali. Mwenye asali akakataa kupokea chochote, akasema mpelekee tu mtoto, kisha akageuka upesi akaondoka. Mzee akaona dunia imemnyookea, mpaka watu wa asali wanamjua. Usoke akapiga filimbi. Na alipoikaribia Tabora, akaona njia panda, Melania hayupo. Akasema labda hajasikia. Akaivuta filimbi. Hayupo. Akaivuta tena, ndefu kuliko ile ya siku ya kwanza, anamwita mkewe aje na mtoto, ana asali.

"Kota nzima ilikuwa imekaa kwangu chini, inalia. Mama yako amemshika mtoto mapajani, hajamwachia. Na mimi napiga filimbi. Nilipiga filimbi kuingia kwenye matanga ya mwanangu, Flaviana. Na Melania aliisikia yote."

Melania hakumlaumu, wala hakulitaja jambo lile hadi anakufa. Ila hakusimama tena kwenye njia panda. Miaka yote iliyobaki ya reli, na watoto wengine walikuja na wakakua, hakusimama tena. Mzee alikuwa akipita pale, anaangalia, anapita.

"Si kifo," akasema. "Kifo ni cha Mungu. Ni kwamba stesheni zote walijua. Kila niliyemchekea alikuwa anajua." Akamgeukia mwanawe sasa, macho makavu. "Haya, niambie. Wewe umenipitisha stesheni ngapi?"

Flaviana aliziona moja moja. Wali kwa kuku. Pasaka, mzee amevaa tai, wamekaa mbele ya televisheni kusikiliza misa, anaimba. Truphosa kwenye simu na lori lililoharibika. Siku mzee aliporekodi salamu, akimtania Wilfred kwamba dereva gani anapoteza sauti, si afadhali angepoteza njia, wakacheka wote sebuleni, na Flaviana akaituma ile sauti kwenye simu ya marehemu kwa sababu mzee alikuwa anaangalia kidole chake. Yote aliyafanya kwa mapenzi. Hilo ndilo lililokuwa likimchoma, kwamba hakukuwa hata na ubaya wa kutubu.

Akapiga magoti kwenye zulia, akasema nisamehe baba. Mzee hakusema nimekusamehe wala sijakusamehe. Aliomba simu.

Alitaka Kidawa kwanza. Flaviana akampigia, akamkabidhi. Kidawa alipopokea na kusema shikamoo babu, mzee akamjibu marahaba, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyesimama mbele ya watu, "Nakushukuru kwa pilau. Nakushukuru kwa sambusa na samaki. Nilikula sikujua kwamba nakula chakula cha msiba. Kwa hiyo sikukushukuru inavyotakiwa, nisamehe." Upande wa pili Kidawa akalipuka kilio, kilio cha kweli cha kwetu, kinajaa sebule kutoka kwenye kile kisimu kidogo. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Akampa pole. Akamwita mke mdogo.

Kisha Truphosa. Huyo hakumwambia mengi. Alimwambia pole mama, umezika peke yako, na umebeba na mimi juu. Kisha akamwita Anastasie kutoka jikoni, akamshukuru kwa kumwachia ashinde, akamwomba kuanzia kesho aibe kama kawaida. Anastasie akafunika uso na aproni, akarudi jikoni mbio.

Akamaliza. Akamrudishia Flaviana simu yake, na ndipo akamwona kama vile alikuwa hajamwona siku zote hizo, magoti kwenye zulia, yunifomu ya kesho imekunjwa kando, uso umekwisha.

"Na wewe umefiwa na kaka," akasema. "Hakuna aliyekuja kukupa pole humu ndani, kwa sababu yangu. Pole, mwanangu."

Flaviana akajifuta uso kwa lile shati alilolikunja.

"Ulikuwa unalia wapi?"

"Kwenye gari, baba."

Mzee akafikiri kidogo. Akashika mikono ya kiti, akajiinua kwa taabu, akavaa kofia yake ya Texas Rangers.

"Twende huko basi," akasema.

Walitoka. Jua lilikuwa kali na mtaa mtupu, kila nyumba imejifungia, magari yamepangwa mbele ya milango hayana pa kwenda. Flaviana akamfungulia mlango wa mbele, akamsaidia kuingiza mguu mmoja kisha wa pili, akamfunga mkanda kwa mazoea ingawa hakukuwa na safari. Akazunguka akakaa kwenye usukani. Mbele ya kioo ilikuwa bado imening'inia barakoa ile aliyojifutia siku ya mazishi. Mzee akaishika, akaiweka mapajani, akainyoosha mikunjo kwa vidole vyake vizee.

"Umefika?" akauliza. Hakuwa anamuuliza Flaviana.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, anawaita wote wawili, Wilfred na Vicent, na mwanawe pembeni amelaza kichwa kwenye usukani analia naye. Madirisha ya gari yalikuwa yamefungwa, na mtaani hakuna aliyesikia.